Shule shikizi yetu ina mwaka wa nne sasa: tuombe usajili kamili au tubaki chini ya shule mama?

Mwenyekiti wa Kitongoji (ameuliza)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha pembezoni mkoani Katavi. Kutoka kwetu hadi shule ya msingi ya kijiji ni kilometa 11, na katikati kuna mto ambao kiangazi unavukwa kwa miguu mikavu, lakini kuanzia Desemba hadi Aprili mtu mzima mwenyewe hufikiri mara mbili kabla ya kuuingia. Kwa miaka mingi watoto wetu walianza darasa la kwanza wakiwa na miaka tisa au kumi, kwa sababu hakuna mzazi aliyethubutu kumwachia mtoto wa miaka sita njia ile. Wengine hawakuanza kabisa.

Miaka minne iliyopita tuliamua kujenga. Tulifyatua tofali, tukazichoma wenyewe, kina mama wakasomba maji na mchanga, tukapandisha vyumba viwili na kibanda cha mwalimu. Chumba cha kwanza kimeezekwa kwa bati na kina sakafu. Cha pili kimeishia kwenye lenta, na mifuko saba ya saruji tuliyokuwa tumeihifadhi kwa ajili yake iliganda masika yaliyopita kwa sababu stoo ilikuwa inavuja. Halmashauri ilitukubalia tuwe shule shikizi, yaani tawi dogo la madarasa ya mwanzo lisilo na usajili wake, lililo chini ya shule mama, ambayo kwetu ni ile ya kijiji, na ikatupatia mwalimu mmoja ambaye kwa kweli ni mtu wa kujituma. Anasaidiwa na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, ambao tunawalipa sisi wazazi kwa mchango wa kila kaya.

Leo tuna watoto 143: wa awali 51, darasa la kwanza 46, la pili 28 na la tatu 18. Wavulana ni 75 na wasichana 68. Wote majina yao yako kwenye daftari la shule mama. Chaki, vitabu na karatasi tunavifuata huko kwa baiskeli, na mara nyingi tunarudi na boksi moja la chaki tu na ahadi. Simlaumu mwalimu mkuu wa huko, kwani shule yake nayo ina watoto 610 na walimu kumi, na anagawana nasi kidogo alichonacho.

Mwakani hawa 18 wanatakiwa kuingia darasa la nne, na kwa utaratibu wa sasa ni lazima waende shule mama. Mkutano wa kitongoji umegawanyika. Wapo wanaosema tuombe usajili tuwe shule kamili yenye mwalimu mkuu wake. Wapo wanaosema tukijitenga tutakosa hata hicho kidogo tunachokipata. Naomba wenye uzoefu wanieleze: usajili unaleta nini hasa, unadai nini, na je, ni kweli kwamba mtu anaweza kuharibu kwa kuharakisha?

---

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Marahaba, Mwenyekiti, na hongereni kwa kazi hiyo. Nimefundisha miaka 34, kumi na miwili ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu wa shule mama iliyokuwa na shikizi mbili chini yake, kwa hiyo nitajibu nikiwa upande ule wa mto.

Kwanza niseme kwamba shule shikizi si aibu wala si shule ya daraja la pili. Ilibuniwa kwa sababu hiyo hiyo uliyoieleza: mtoto mdogo asomee karibu na nyumbani awali na madarasa ya mwanzo, ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, halafu miguu yake ikishakomaa ndipo atembee. Serikali yenyewe ilizitambua kwa uzito. Mwaka 2021, katika fedha za ule mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa pamoja na madawati yake. Anayewaambia kwamba serikali haitoi fedha kwa shikizi, basi huyo anasimulia habari za zamani.

Pili, kuhusu kuharakisha. Usajili hutolewa na Kamishna wa Elimu kwa mujibu wa Sheria ya Elimu, Sura 353. Anayeomba ni halmashauri, kwa kuwa ndiyo mwenye shule. Ninyi kama kitongoji hamwezi kuandika barua moja kwa moja na kutarajia namba. Kabla ya hapo wathibiti ubora wa shule watakuja kukagua, nao wanahesabu. Watahesabu vyumba, watauliza ofisi, watapima chumba, na watakwenda moja kwa moja chooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa idadi yako unahitaji matundu manne ya wasichana na matatu ya wavulana, mbali na ya walimu. Hukutaja vyoo kabisa katika maelezo yako, na kwa uzoefu wangu mtu asiyevitaja huwa hanavyo.

Hofu yangu ya kweli iko hapa. Nimeona shikizi iliyopandishwa kuwa shule kamili kwa msukumo wa wakati wa uchaguzi, ikiwa na vyumba vitatu na walimu wawili. Mwaka wa kwanza watu walicheza ngoma. Mwaka wa nne walimu wale wawili walikuwa wanafundisha madarasa saba na la awali, darasa la tano na la sita wakikaa chumba kimoja wakitazama kuta tofauti, na ubao mmoja umegawanywa katikati kwa mstari wa chaki. Watoto wale walifanya mtihani wa darasa la saba wakiwa hawana tofauti kubwa na wale waliobaki nyumbani. Shule mama yangu ilikuwa mbali nao, lakini angalau ilikuwa na mwalimu wa Hisabati.

Ushauri wangu ni kwamba mbaki shikizi miaka miwili zaidi, mmalize chumba cha pili, mjenge vyoo na nyumba ya mwalimu inayokaliwa na mtu mwenye familia, kisha ndipo muombe. Kibanda hakimshiki mwalimu. Akioa au akijifungua, barua ya uhamisho inafuata.

---

Mtu wa Mipango

Nafanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri moja kanda ya magharibi, si ya kwenu, na naandika kwa nafsi yangu. Namheshimu sana Mwalimu aliyetangulia, na kuhusu vyoo amesema kweli tupu. Ila kuhusu kusubiri naomba nitofautiane naye, kwa sababu kuna jambo ambalo mtu aliye shuleni halioni na sisi tunaoshinda na majedwali tunaliona kila mwaka.

Mwenyekiti, chukua namba zako mwenyewe. Shikizi yako ina watoto 143 na mwalimu mmoja wa serikali. Shule mama ina watoto 610 na walimu kumi, yaani mwalimu mmoja kwa watoto 61. Takwimu za shule zinapokusanywa mwezi Machi, ninyi hamuonekani. Kinachoonekana ni shule moja yenye watoto 753 na walimu 11, sawa na mwalimu mmoja kwa watoto 68. Ikama, yaani kiwango cha walimu wanaotakiwa, inataka mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo shule hiyo ina upungufu, lakini katika halmashauri nyingi za mikoa yetu 68 ni jambo la kawaida na haimshtui mtu. Hali yenu ya mwalimu mmoja kwa watoto 143 imemezwa ndani ya wastani huo. Walimu wapya wakija, wanapangiwa shule zenye hali mbaya kwenye jedwali, na kwenye jedwali ninyi hampo. Ukingoja miaka miwili bila kusajiliwa, utakuwa umengoja miaka miwili bila kuonekana.

Fedha nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Ruzuku ya uendeshaji ambayo walimu wanaiita kapitesheni ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia katika akaunti ya shule, yaani 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa watoto wako 92 wa darasa la kwanza hadi la tatu, ukiwaacha wa awali pembeni, hizo ni shilingi 46,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini zinanunua chaki, karatasi za mitihani na bawaba ya mlango. Leo zinaingia akaunti ya shule mama, na mwalimu mkuu wa kule hana sharti la maandishi linalomlazimu azitenganishe. Vilevile, tangu mwaka 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwalimu wenu anafanya kazi zote za mwalimu mkuu, pamoja na kupiga kengele, lakini kwa kuwa shikizi haina mwalimu mkuu, hapati hata senti ya posho hiyo. Jiulize utamshikilia kwa kitu gani.

Kwa hiyo naona muombe mapema, lakini muombe kwa mpangilio. Safari inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Hoja ipitishwe hapo na iandikwe kwenye muhtasari, ikiwa na ukubwa wa eneo lililotengwa na saini za halmashauri ya kijiji. Halafu iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Ikitoka hapo ndipo inaingia kwenye mpango na bajeti ya halmashauri. Mkipeleka barua kwa mkurugenzi bila mihtasari hiyo miwili, itawekwa kwenye jalada na kuanza kulala.

Boma lenu, yaani lile jengo lisilomalizika lililoishia kwenye lenta, ni mtaji mkubwa kuliko mnavyodhani. Serikali imekuwa ikitenga shilingi milioni 12.5 kumalizia boma moja la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi. Mfuko wa Jimbo nao unaruhusiwa kusaidia kazi za aina hii, na mbunge hupenda kuona ukuta uliosimama kuliko msingi. Pigeni picha, andikeni gharama mliyotumia hadi sasa hata kama ni tofali na maji tu, mkadirie thamani yake kwa shilingi. Mchango wa wananchi usioandikwa hausaidii hoja yoyote.

Sasa naomba uniambie jambo moja kabla hatujaendelea, na ulijibu kwa uwazi: kitongoji chenu kiko ndani ya ardhi ya kijiji kilichosajiliwa, au kiko kwenye eneo la msitu wa hifadhi? Mkoa wako naujua.

---

Mwenyekiti wa Kitongoji

Ahsanteni sana. Mwalimu, umenikamata: vyoo tunavyo matundu mawili tu, ya miti na udongo, na yote yanatumiwa na wote.

Ndugu wa Mipango, swali lako limenigusa mahali penyewe. Kitongoji kimesajiliwa na tulipiga kura ya serikali za mitaa kama wengine. Lakini upande wa kaskazini, kwenye kaya zilizohamia na mifugo miaka ya karibuni, kuna mawe ya mpaka wa msitu. Shule iko upande wa kijiji, umbali wa kama mita 600 kutoka jiwe la karibu. Watoto kama 40 wanatoka ng'ambo ya mawe. Wazazi wao wanachangia kuliko wengine wote, maana wana ng'ombe. Sijawahi kuwauliza walimu wawaandike au wasiwaandike. Mtoto akija anapokelewa.

---

Mtu wa Mipango

Na iendelee hivyo, mtoto akija apokelewe. Lakini hili ndilo linalokwamisha maombi mengi katika mikoa ya Katavi, Tabora na Kigoma, na watu huwa hawaambiwi sababu. Halmashauri haiwezi kuweka fedha ya umma kwenye jengo lililo ndani ya hifadhi, kwa sababu kesho jengo hilo linaweza kuamriwa liondoke. Afisa akiona kwenye ramani kwamba shule iko karibu na mpaka, atasita, na kusita kwake hakutaandikwa popote. Ninyi mko upande salama, basi thibitisheni. Mwombeni afisa ardhi wa halmashauri aje na kifaa cha kuchukua majira ya eneo, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani, apime pembe za uwanja wa shule, na karatasi yake iambatanishwe na muhtasari wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hivyo ina mamlaka ya kulitenga eneo hilo kwa ajili ya shule.

Kuhusu watoto 40 wa ng'ambo, katika hoja yenu andikeni idadi ya wanafunzi walioandikishwa, yaani 143, na ishie hapo. Usianze kueleza nani anatoka wapi. Hilo ni suala la wazazi wao na mamlaka za msitu, na mtoto aliyeandikishwa ni mwanafunzi.

---

Mama wa Watoto Watano

Nimesoma nikaona kila mtu anaongelea vyumba na karatasi, na ni sawa, lakini mimi nataka kuongelea wale watoto 18 wa darasa la tatu, kwa sababu hao mwakani hawatangoja muhtasari.

Mimi ni mfugaji, naishi mkoani Manyara. Shikizi ya kwetu ilikuwa inaishia darasa la pili. Binti yangu mkubwa alikuwa anaongoza darasa. Alipohamia shule mama alianza kutembea kilometa tisa kwenda na tisa kurudi, akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukiwa bado giza. Viatu alikuwa anavibeba mkononi hadi karibu na shule ili visiishe. Shuleni hakukuwa na chakula kwa sababu wazazi wa kule walikuwa hawajakubaliana kuchanga mahindi, na sisi wa mbali hatukuitwa kwenye kikao chao. Alikaa njaa hadi saa tisa alasiri, akarudi akafika magharibi. Muhula wa kwanza alikwenda siku zote. Muhula wa pili alianza kukosa siku ya mvua, halafu siku inayofuata mvua, halafu siku ya mnada. Mwezi Septemba baba yake akasema kwa nini tunajidanganya. Hakufanya upimaji wa darasa la nne. Sasa ana mtoto, na ule Waraka wa mwaka 2021 unaoruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule niliusikia redioni, lakini shule ya kurudia ni ile ile ya kilometa tisa.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, hata mkiomba usajili leo, msiwaache hao 18 wapotee katikati. Sisi kwa mtoto wa pili tulifanya tofauti. Tulitafuta nyumba ya mama mmoja mjane karibu na shule mama, mtu mzima anayejulikana na anayeheshimika, tukakubaliana watoto watano walale kwake Jumatatu hadi Alhamisi usiku, Ijumaa warudi. Kila kaya inatoa debe la mahindi kwa mwezi na maziwa yanapopatikana, na sisi kina mama tunapokezana kwenda kulala huko siku moja moja kuangalia hali. Hatukuwahi kumwacha mtoto wa kike alale nyumba yenye wanaume tusiowajua. Hilo lilikuwa sharti la kwanza. Haikuwa rahisi na haikuwa bure, ila watoto wote watano wamefika darasa la sita.

Jambo lingine, nendeni kwenye kikao cha wazazi cha shule mama kuhusu chakula. Utaratibu wa elimu bila malipo uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi, na wanaoamua ni wale wanaokaa karibu na shule, ambao watoto wao wanaweza kukimbilia nyumbani mchana. Sauti ya mzazi wa kilometa 11 isipokuwepo pale, uji hautapikwa.

---

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Mama, nimekusoma mara mbili. Katika shikizi zangu zile mbili, kila Januari nilikuwa napokea orodha ya watoto wanaohamia kwangu, na kila Juni nilikuwa nahesabu waliobaki. Sikuwahi kwenda kuuliza waliopotea wako wapi, kwa sababu majina yalikuwa yanabaki kwenye daftari na kapitesheni ilikuwa inakuja. Naliandika hili nikijua linanihusu.

Ndugu wa Mipango amenishawishi kwa hesabu ile ya 68. Nabadilisha ushauri wangu kidogo: mchakato wa mihtasari uanze sasa, kwa kuwa wenyewe utachukua muda, na ujenzi wa vyoo uendelee sambamba nao. Nashikilia jambo moja tu. Katika ombi lenu msiombe darasa la kwanza hadi la saba kwa mara moja. Ombeni muongeze darasa moja kila mwaka, mkianza na la nne. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na watoto 18 wakiufanyia kwenu au wakasindikizwa kwa siku mbili tu kwenda kuufanya shule mama, hilo linabebeka.

Hesabuni pia na mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi sasa itakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Kidato cha kwanza mwaka 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo, na kila halmashauri itakuwa inakimbizana na madarasa ya sekondari. Mkichelewa hadi wakati huo, fedha za kumalizia boma la shikizi zitashindania mlango na mahitaji makubwa mno. Hapo ndipo nakubali kwamba kuna sababu ya kuharakisha.

---

Mwalimu wa Wajir

Nawasalimu kutoka Kenya. Ninafundisha Kaunti ya Wajir, na nimefuata mjadala huu kwa sababu tatizo ni lile lile ingawa majina ya ofisi ni tofauti.

Kwetu elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka 2003, lakini kwa jamii za wafugaji karo haikuwa kikwazo cha kwanza. Kikwazo kilikuwa kwamba shule inakaa mahali pamoja na familia haikai. Ndiyo sababu tukawa na shule za kuhama, ambapo mwalimu anafuata maboma ya wafugaji, na ubao unapakiwa juu ya ngamia pamoja na vyombo vya nyumba. Zinafundisha madarasa ya chini tu, kisha mtoto anatarajiwa kuingia shule ya bweni ya gharama nafuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda baraza mahususi la elimu ya wahamaji, na kuwepo kwake kumesaidia kwa maana kwamba kuna mlango wa kubisha.

Mama ameeleza vizuri pale watoto wanapopotea, nami nathibitisha kwamba hata kwetu wanapotea pale pale, kati ya shule ya kuhama na bweni. Bweni lenyewe nimelifanyia kazi miaka sita. Kukiwa na chakula, limejaa. Chakula cha serikali kikichelewa, wiki ya pili watoto wanaanza kuondoka, na wa kike ndio wa kwanza kuitwa nyumbani. Kwa hiyo ule mpango wa mjane na debe la mahindi msiudharau mkidhani ni wa muda. Kwa maoni yangu ni imara kuliko mabweni kadhaa niliyoyaona, kwa sababu wazazi wanaushika wenyewe.

Kuhusu mwalimu wenu, sisi tuna posho ya mazingira magumu inayolipwa pamoja na mshahara. Husaidia, ila haitoshi kumzuia mtu. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 na 2015 kaskazini mashariki, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na posho haikuwarudisha. Waliobaki ni wenyeji. Vijana wenu wawili wa kidato cha nne, kama alama zao zinaruhusu, watafutieni nafasi katika chuo cha ualimu, na kitongoji kichangie nauli. Mwalimu aliyezaliwa upande huo wa mto hatauogopa mto.

---

Mwenyekiti wa Kitongoji

Nawashukuru nyote. Jana jioni tulikaa chini ya mwembe wa shule, kaya 58 zikawakilishwa, nikawasomea majibu yenu kwenye simu, moja baada ya jingine, hadi chaji ilipokaribia kuisha.

Tumekubaliana mambo yafuatayo. Hoja itaingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji mwezi ujao, na mtendaji wa kijiji amekwisha kuahidi kuiandika kwenye ajenda. Tutaomba kuongeza darasa la nne peke yake kwa kuanzia. Uchimbaji wa mashimo ya vyoo unaanza Jumamosi: wanaume wachimbe, matundu manne upande wa mashariki kwa wasichana na matatu upande wa magharibi kwa wavulana, na kaya za ng'ambo ya mawe zimetoa ndama mmoja auzwe kwa ajili ya saruji. Safari hii saruji italala ndani ya darasa lenye bati. Kuhusu afisa ardhi, nitakwenda wilayani mwenyewe.

Kuhusu watoto 18, kina mama wametuambia tuwaachie wao. Wamekwisha kumpata bibi mmoja anayeishi umbali wa kama mita 300 kutoka shule mama, na wanne kati yao wanakwenda kesho kumwona, wakimpelekea kuku. Kijana mmoja kati ya wale wawili wanaotusaidia ana alama zinazofaa kwa chuo. Wa pili hana, na alipoyasikia hayo alinyamaza kimya, kisha akasimama akaenda kupiga kengele ya jioni kwenye rimu ya gari tuliyoitundika, ingawa watoto walikuwa wameshaondoka.

Ndugu wa Mipango, nina swali moja dogo limebaki: kwenye thamani ya mchango wa wananchi, zile tofali elfu nane tulizochoma wenyewe tuziandike kwa bei ya huku kwetu au kwa bei ya mjini?

---

Mtu wa Mipango

Bei ya huko kwenu, Mwenyekiti, na muambatanishe barua ya mtendaji inayoithibitisha. Kuni za kuchomea na maji yaliyosombwa na kina mama navyo vipewe mistari yao, kila kimoja peke yake.